Safari ya Likizo ya Mwezi wa Sita Milimani: Majibu kwa Wazazi na Walezi wa Skauti

Maelezo haya ni kwa wazazi na walezi wa vijana wa kundi letu la skauti hapa Dar es Salaam ambao watoto wao wameomba kushiriki safari ya barabara ya kwenda milima ya Usambara, Upare na Kilimanjaro. Maswali mengi yaliulizwa katika kikao cha wazazi, mengine kwa simu, na machache yaliulizwa na vijana wenyewe. Pale ambapo jambo linahitaji maelezo marefu tumeyaandika kwa urefu, kwa sababu mzazi anayemkabidhi mtu mwingine mwanawe kwa siku tisa ana haki ya kujua kitakachofanyika njiani na kambini.

Safari inapita wapi?

Tutaondoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, tutapita Kibaha na Mlandizi hadi Chalinze, na hapo tutaiacha njia ya Morogoro na kukunja kulia kuelekea kaskazini. Tutavuka Mto Wami, tutafika Segera, tutapita Korogwe, na tukifika Mombo tutaiacha barabara kuu na kupanda kilomita 33 hadi Lushoto, ambako tutapiga kambi ya kwanza. Siku ya tano tutateremka tena Mombo, tutafuata barabara ya Moshi huku milima ya Upare ikiwa upande wetu wa kulia, tutapumzika Same, na tukifika Himo tutapanda kwenda Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro. Wakati wa kurudi tutalala usiku mmoja Korogwe. Kutoka Marangu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na ingawa wapo wanaoimaliza njia hiyo kwa siku moja, hatuoni sababu ya kuwakalisha watoto ndani ya gari tangu alfajiri hadi usiku kwa ajili ya kuokoa gharama ya usiku mmoja.

Kwa nini safari iwe ya barabara na ichukue muda mrefu namna hiyo?

Kwa sababu barabara yenyewe ni sehemu ya mafunzo, na pengine ndiyo sehemu kubwa zaidi. Kijana aliyezaliwa Kinondoni au Temeke anakunywa maji ya Mto Ruvu kila siku, lakini ni wachache wanaojua kwamba mto huo hupata maji yake mengi kutoka milima ya Uluguru, na kwamba miti ikikatwa kule juu, shida huonekana kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Baada ya Mlandizi tutasimama mahali salama karibu na Ruvu, na kila kikosi kitachora ramani ya mto huo kutoka mlimani hadi kwenye bomba la nyumbani. Tutafanya hivyo tena Korogwe, kwenye bonde la Mto Pangani, ambao hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupita katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kabla ya kufika baharini huendesha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Kijana akiisha kuona mashamba ya mkonge yaliyokauka kwa jua kule chini, kisha saa mbili baadaye akasimama kwenye ubaridi wa Soni kati ya mashamba ya kabichi na karoti, hahitaji mwalimu wa kumshawishi kwamba mlima hufanya kazi.

Kila kikosi kitakuwa na daftari la safari. Katika kila kituo kitaandika saa, mwinuko kutoka usawa wa bahari, joto kwa kipimajoto, mazao yanayoonekana na aina ya udongo. Mombo ipo kwenye tambarare ya chini, wakati mji wa Lushoto upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hivyo ndani ya kilomita hizo 33 gari hupanda karibu mita 1,000. Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na tunataka vijana wathibitishe hesabu hiyo kwa mikono yao badala ya kuikariri kutoka kitabuni.

Kuna umuhimu gani wa kukaa Usambara siku nne?

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Milima hii ni ya miamba mikongwe sana, tofauti kabisa na Kilimanjaro ambao ulijengwa na volkano. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umeinyeshea kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kavu, na kwa sababu hiyo misitu yake ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana kwingine duniani. Ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani lilichukuliwa kutoka misitu hii wakati wa utawala wa Wajerumani, na jina lake la kisayansi la muda mrefu, Saintpaulia, lilitokana na jina la ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu zake kwao. Tunapenda vijana wetu walione likiwa kwao.

Tutatembea katika Msitu wa Hifadhi ya Mazingira wa Magamba tukiwa na mwongoza wageni wa hifadhi, ambako wenye bahati huwaona mbega. Siku nyingine tutakwenda kwa miguu hadi Irente, kwenye ukingo wa mlima ambako ardhi hukatika ghafla na tambarare ya Mombo na nyika ya Umasai huonekana chini yako. Kwenye ukingo huo vijana watakaa nyuma ya kamba tutakayoifunga sisi wenyewe, na atakayeivuka kamba atarudi kambini na kiongozi mmoja bila mjadala.

Siku ya tatu ni ya historia. Vuga, iliyo karibu na Soni, ilikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi, na masimulizi ya Wasambaa yanaeleza kwamba mwanzilishi wao, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyekuja kutoka milima ya Nguu, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, na mwishowe akapewa utawala. Kimweri ye Nyumbai, mashuhuri kuliko wote waliomfuata, alifariki mwaka 1862. Tumeomba mzee wa huko awasimulie vijana habari hizi jioni, na kila kijana atakwenda akiwa amevaa skafu yake, atamwamkia shikamoo mmoja mmoja na kukaa chini kwa utulivu hadi mzee atakapomaliza. Daftari hufunguliwa mzee akiruhusu.

Je, vijana watapanda hadi kilele cha Kilimanjaro?

Hapana, na tunaomba wazazi wasiwaahidi watoto jambo hilo. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina takriban nusu ya oksijeni tunayoivuta hapa Dar es Salaam. Mwili huhitaji siku kadhaa za kuzoea, na hata watu wazima wenye afya njema hurudishwa njiani kwa maumivu ya kichwa, kutapika na, kwa wachache, maji kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba. Kundi la watoto zaidi ya ishirini wenye miili tofauti, ambao wengi wao hawajawahi kulala mahali pa juu kuliko Pugu, halipaswi kupelekwa huko kwa ajili ya picha.

Tutakachofanya ni matembezi ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, kilicho mita 2,720, na kurudi siku hiyohiyo. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne kwa mwendo wa polepole, ndani ya msitu mnene, na atakayebaki na nguvu ataongozwa hadi kwenye kreta ya Maundi iliyo karibu na kibanda. Kwa mtoto wa miaka 12 hiyo ni siku kubwa ya kutosha. Anayeumwa kichwa atateremshwa mara moja, kwa kuwa tiba ya kwanza na ya uhakika ya ugonjwa wa mlimani ni kushuka.

Kilele chenyewe tutakizungumza jioni kambini. Vijana watasikia habari za Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya mlima huu wakati Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na watasikia pia kwamba barafu ya mlima huo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Asubuhi, kukiwa hakuna mawingu, watatazama wenyewe kilichobaki.

Marangu tutafanya nini zaidi ya matembezi hayo?

Tutatembelea kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, na kuona jinsi migomba, kahawa, miti ya kivuli na ng'ombe wa ndani vinavyotegemeana katika eneo dogo la ardhi, na tutafuata mojawapo ya mifereji ya asili ambayo Wachaga waliichimba kuanzia vizazi vingi vilivyopita ili kuteremsha maji ya mlimani hadi mashambani. Kwa kuwa tutakuwa tumepita Same siku iliyotangulia, ambako Wapare nao wana malambo yao ya kale yanayoitwa ndiva, kila kikosi kitaandaa ulinganisho wa namna jamii hizi mbili zilivyogawana maji.

Kwa nini mnasisitiza kusafiri mchana tu?

Usiku dereva huona umbali mfupi, malori yaliyoharibika huegeshwa bila taa, mifugo hulala barabarani, na uchovu humjia mtu bila kubisha hodi. Magari yataondoka saa 12:00 asubuhi, kabla foleni ya Kimara na Kibaha haijawa kubwa, na yatakuwa kambini kabla ya saa 12:00 jioni. Ikitokea gari likaharibika na jua likaelekea kuzama, tutalala katika mji ulio karibu, yaani Chalinze, Korogwe, Same au Himo kutegemea tulipo, na wazazi watajulishwa. Tumetenga fedha kwa ajili ya usiku huo mmoja wa dharura, na hazitatumika kwa jambo jingine lolote.

Magari na madereva wamechaguliwaje?

Tumekodi Coaster mbili zenye leseni ya kubeba abiria, na mwenye magari ameelezwa kwa maandishi kwamba tunahitaji kibali cha safari, bima hai, tairi zisizo kipara, mikanda katika kila kiti, na madereva wawili kwa kila gari. Siku mbili kabla ya kuondoka tutaomba askari wa usalama barabarani wayakague. Mwendo wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 kwenye maeneo ya makazi, na kiongozi mmoja katika kila gari atakaa kiti cha mbele akiwa na jukumu moja tu, ambalo ni kutazama mwendo na hali ya dereva.

Sehemu inayotutaka umakini zaidi ni ile ya Mombo hadi Lushoto. Barabara ni ya lami, lakini ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, ina kona nyingi zisizoonyesha kinachokuja, na hutumiwa na malori yanayoshusha mboga kwenda masoko ya Dar es Salaam. Kupanda hakutupi wasiwasi mkubwa kama kushuka. Dereva anayeteremka mlima mrefu akikanyaga breki mfululizo huzichemsha hadi zinapoteza nguvu, hivyo mpango ni kuteremka kwa gia nzito ile ambayo gari lingetumia kupanda, kupiga honi kwenye kila kona, na kusimama Soni ili breki zipoe. Madereva wote wanne tuliokubaliana nao wameshapita njia hiyo, na hilo lilikuwa sharti la kwanza. Bei ilifuata baadaye.

Mtoto wangu hutapika akiwa kwenye gari. Afanyeje?

Mwandikie hivyo kwenye fomu, bila aibu, ili apangiwe kiti cha mbele. Asubuhi ya safari apewe chakula chepesi kama uji na mkate badala ya chapati za mafuta na mayai, asisome wala kuchezea simu njiani, na atazame mbele, mbali. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Kama anatumia dawa, tuandikie jina na kipimo, na dawa hiyo akabidhiwe kiongozi wa huduma ya kwanza.

Baridi ya huko ni kali kiasi gani, na anunue nini?

Mwezi wa Sita ni kipupwe, na usiku wa Lushoto joto linaweza kushuka karibu na nyuzi 10. Marangu huwa na mawingu na manyunyu mengi katika kipindi hicho, na kule Mandara baridi huongezeka kwa upepo na unyevu. Mtoto wa pwani ambaye hajawahi kuhitaji sweta hulowa jasho wakati wa kupanda, kisha hukaa kupumzika akiwa na fulana mbichi, na hapo ndipo baridi humwingia. Fulana za pamba hushika maji na kukauka taratibu, hivyo awe na angalau fulana mbili za kubadilisha, sweta moja ya sufu au ya kitambaa kizito cha manyoya, koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, soksi nzito jozi tatu, na suruali ndefu. Jinzi haifai kwa matembezi.

Hakuna haja ya kwenda kwenye maduka ya gharama. Sweta na makoti mazuri sana hupatikana kwenye mitumba ya Karume kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu, na asubuhi ya siku za kazi ndipo mtu huchagua kwa nafasi. Raba zenye meno zinatosha badala ya buti, ila zisiwe mpya kabisa. Mtoto azivae nyumbani wiki mbili ili zisimtoe malengelenge. Kwa kulala, blanketi zito na mkeka vinatosha kwa asiye na mfuko wa kulalia, kwa kuwa kundi lina mahema na magodoro membamba. Vitu vyote vipangwe ndani ya begi moja la mgongoni ambalo mtoto anaweza kulibeba mwenyewe kwa nusu saa bila kusaidiwa. Mwambie atembee nalo kuzunguka mtaa, na kama anashindwa, lipunguzwe. Tafadhali msifungashe nguo kwenye mifuko ya rambo, kwani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kambini hugeuka kuwa taka.

Watakula nini, na nani atapika?

Watapika wao. Kila kikosi kitapewa zamu, vyakula vilivyopimwa, mtungi wa gesi na sufuria, chini ya usimamizi wa kiongozi mmoja. Asubuhi kutakuwa na uji na viazi au mihogo, mchana wali au ugali kwa maharage, dagaa au nyama, na jioni chakula kama hicho pamoja na mboga za majani, ambazo Lushoto ni nyingi na freshi. Nyama yote itachinjwa kwa utaratibu unaokubalika kwa Waislamu, na sufuria hazitatumika kwa chakula ambacho baadhi ya vijana hawaruhusiwi kula. Hatutakata kuni msituni, na moto wa kambi utawashwa mahali palipoidhinishwa tu, kwa kuni zilizonunuliwa.

Tunawaomba wazazi wasiwape watoto mifuko ya biskuti na soda. Tunajua mnafanya hivyo kwa upendo, lakini mtoto mmoja mwenye chakula chake pembeni huvunja utaratibu wa kikosi kizima cha watu wanane, na skauti anayekula kilichopikwa na mwenzake, hata kama ugali umeungua kidogo, anajifunza jambo ambalo hatuwezi kumfundisha darasani.

Vipi kuhusu ibada?

Ratiba imeacha nafasi kwa sala za kila siku, swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili. Lushoto na Marangu kuna misikiti na makanisa yanayofikika kwa miguu, na vijana watakwenda wakiwa na kiongozi.

Usalama wa wasichana na ulinzi wa watoto kwa ujumla umepangwaje?

Wasichana watakuwa na mahema yao, choo chao na sehemu yao ya kuogea, na viongozi wa kike wawili watalala karibu nao kila usiku. Hakuna mtu mzima, awe kiongozi, dereva au mwenyeji, atakayekaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Daima watakuwa watu wazima wawili, au mtu mzima mmoja na watoto wawili au zaidi mahali pa wazi. Hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa viboko au kunyimwa chakula. Taulo za kike zitakuwepo kwenye sanduku la kundi, na msichana hatatakiwa kumweleza mwanamume yeyote sababu ya kuzihitaji au ya kuomba kupumzika siku ya matembezi.

Kabla ya safari tutawafundisha vijana wote namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto, na tutawaambia wazi kwamba wanaweza kuipiga hata kama malalamiko yao yanamhusu mmoja wetu. Namba nyingine watakazozikariri ni 112 ya polisi na 114 ya zimamoto.

Mtoto akiugua au akiumia, mtampeleka wapi?

Viongozi wawili wana mafunzo ya huduma ya kwanza, na gari moja litabaki kambini wakati wote likiwa na dereva na mafuta. Tukiwa Lushoto tutatumia hospitali ya wilaya, tukiwa Korogwe tutakwenda Magunga, tukiwa Same kuna hospitali ya wilaya, na kwa Marangu tegemeo letu kwa tatizo kubwa ni Mawenzi au KCMC mjini Moshi. Mzazi atapigiwa simu kabla ya matibabu yoyote makubwa, lakini kwa jambo lisilosubiri fomu inampa kiongozi ruhusa ya kusaini. Soma sehemu hiyo ya fomu kwa makini kabla ya kutia sahihi. Kadi ya bima ya afya, kwa aliye nayo, ikabidhiwe siku ya kuondoka.

Mwanangu ana pumu au selimundu. Anaruhusiwa?

Mwenye pumu iliyodhibitiwa anakaribishwa, mradi aje na dawa zake mbili, moja ikae kwake na nyingine kwa kiongozi, maana hewa baridi na kupanda mlima vinaweza kuamsha shambulio. Kwa selimundu tunakuwa waangalifu zaidi. Baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu na hewa haba ya mwinuko mkubwa vyote vinaweza kuanzisha maumivu makali, hivyo tunahitaji barua ya daktari anayemhudumia. Kijana huyo anaweza kushiriki kambi ya Lushoto na matembezi ya Marangu mjini, ila hatapanda kwenda Mandara hata daktari akiruhusu. Siku hiyo atakuwa msimamizi wa kambi pamoja na kiongozi, jukumu ambalo kila siku mmoja wa vijana lazima alishike, na hatawekwa pembeni kama mgonjwa.

Malaria ipo huko milimani?

Hatari hupungua kadiri mtu anavyopanda, na ubaridi wa Lushoto ni sababu mojawapo iliyowafanya Wajerumani waupende mji huo, ambao wao waliuita Wilhelmstal. Hata hivyo tutapita na kulala Korogwe, ambako mbu wapo, hivyo kila mtoto aje na chandarua chenye dawa na shati la mikono mirefu. Jambo ambalo wazazi wengi hulisahau ni kwamba dalili za malaria huanza kuonekana siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa wiki mbili baada ya kurudi Dar es Salaam, msidhani ni uchovu wa safari. Apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.

Je, ataruhusiwa kubeba simu?

Hapana. Kila jioni, saa 2:00 usiku, kiongozi atatuma taarifa na picha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na mtoto mwenye haja ya kuzungumza na nyumbani atapewa simu ya kiongozi. Kutakuwa na saa kadhaa za msituni ambapo mtandao haupo, na ukimya wa mchana usiwatie hofu. Tunaomba pia wazazi wasije kutembelea kambi katikati ya safari, kwa kuwa watoto ambao wazazi wao hawawezi kuja huumia.

Mchango unalipia nini, na asiyeweza kulipa atafanyaje?

Kiasi kimeandikwa kwenye barua ya kila mzazi. Kinalipia magari, mafuta, chakula, kambi, viingilio vya hifadhi, waongoza wageni na akiba ya dharura. Viingilio vya hifadhi ya taifa hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na si kwa fedha taslimu langoni, na raia wa Tanzania hulipa kiwango cha chini kuliko wageni, ndiyo maana tunadai nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ukichelewa kuileta, mtoto wako anaweza kutozwa kama mgeni. Baada ya safari kila mzazi atapokea hesabu ya matumizi, na kitakachobaki kitagawanywa.

Mzazi anayeona mzigo ni mkubwa azungumze na kiongozi wa kundi peke yake, mapema. Vijana wamekuwa wakiosha magari na kuuza miche ya miti tangu mwezi wa Pili ili kujaza mfuko wa wenzao, na fedha hizo zipo kwa ajili hiyo. Hakuna kijana atakayejua nani amesaidiwa. Kwa upande wa fedha ya mfukoni, tumeweka kikomo kimoja kwa wote, nacho kimeandikwa kwenye barua. Asiye na sare kamili atakuja na skafu tu.

Mvua ikinyesha, safari itaahirishwa?

Masika huwa imekwisha, lakini manyunyu ya milimani hayajali kalenda. Mvua ya kawaida haitazuia kitu. Mvua kubwa itasimamisha matembezi ya Magamba na Irente, kwa sababu njia huteleza, na tukipata taarifa ya maporomoko kwenye barabara ya Soni tutabaki tulipo hadi ifunguliwe.

Ni nyaraka zipi zinatakiwa, na kwa lini?

Zinatakiwa fomu ya ruhusa iliyosainiwa na mzazi au mlezi anayetambuliwa na shule, fomu ya afya, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na namba mbili za simu za watu wazima wanaopatikana usiku. Ruhusa ya shule na ya kamishna wa skauti wa wilaya tumeziomba sisi, na nakala zake zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Fomu zirudishwe kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Tano, kwa kuwa majina ndiyo yanayotumika kulipia viingilio na hayabadilishwi baada ya malipo. Jumamosi inayofuata, saa 3:00 asubuhi, kila kijana atakuja shuleni na begi lake likiwa limefungashwa kamili, atalifungua mbele ya kiongozi wa kikosi chake, na kitakachopungua kitaandikwa kwenye karatasi atakayorudi nayo nyumbani.